Mafuta Kabla ya Maji

"Lalia ubavu wa kushoto, mama. Mguu wa kulia uukunje."

Mama mkwe alilala, uso kaugeuzia ukutani. Miaka kumi na moja alikuwa akiwatangazia majirani kwamba mwanawe kaoa muosha matumbo ya watu. Leo yeye mwenyewe alikuwa kwenye kitanda cha chumba cha Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, siku ya tisa bila choo, chakula hakipiti, usingizi hauji. Hospitali walimpima, wakasema hakuna kilichoziba, lakini vidonge vyao vyote viligonga mwamba.

"Ikishindikana leo, sitamruhusu tena mtu yeyote anishike," alikuwa ameapa.

Mkaza mwanawe aligeukia meza. Asali na chumvi ya mawe husagwa kwanza. Kisha mafuta ya ufuta, kidogo kidogo, na mwisho kabisa maji ya mizizi iliyochemshwa. Hapo vinaungana, dawa ikawa laini kama uji. Kazi hiyo angeweza kuifanya amefumba macho. Lakini huyu alikuwa mkwe, tena mgongo wazi! Akajisahau, akatia maji kabla ya mafuta. Mafuta yakaelea juu, macho ya njano yakimkodolea.

Angeweza kukoroga tu, akafunika kombe mwanaharamu apite. Badala yake akaimwaga dawa yote kwenye sinki.

"Unamwaga nini?"

"Dawa, mama. Nimekosea. Naanza upya."

Mama mkwe akageuza uso kutoka ukutani.

"Ungenyamaza, mimi ningejuaje?"

"Wewe usingejua. Tumbo lingejua."

Mama mkwe akaguna, na mguno ule ulikaribia kuwa kicheko. "Haya, anza. Kwani nina safari?"

Safari hii dawa iliungana vizuri. Akajaribu joto lake kwenye kiwiko, akapaka mafuta ncha ya mpira wa kupitishia dawa njia ya haja kubwa. "Vuta pumzi. Iachie taratibu." Dawa ikaingia, polepole, bila mvutano.

Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao. Ndimo mumewe alimokaa miezi tisa. Hilo hakuwahi kulifikiria hata siku moja. Chini ya vidole kitu kikanguruma, kikanyamaza, kikajipindua. Matumbo mangapi alikwisha kuyashika, Mungu wangu, na bado mwili ulimshangaza! Akajikuta anaogopa kupumua kwa sauti.

"Sasa, mama. Nenda."

Alisubiri nje ya mlango wa choo muda mrefu. Maji yakamwagwa mara moja, mara mbili. Mlango ukafunguka, mama mkwe kashikilia fremu, shuka imemkaa upande, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

"Nina njaa," akasema.

Yeye mwenyewe akauchukua mkono wa mkaza mwanawe. Akakaa naye kwenye benchi la foleni, katikati ya wagonjwa, akaletewa supu ya mchele kwenye kikombe. Akainywa kwa mkono mmoja, taratibu, akipuliza kila mara, na ule mwingine hakuuachia.