Sahihi ya Ustadhi Wagdi

Nirmin alikuwa akipitia mwongozo wa chama cha mawakili ili tu kujiridhisha, mara moyo ukamlipuka paa! Rufaa ambayo jina la wakili aliyeitia sahihi halisomeki, mwongozo ulisema, hutupwa na mahakama ya juu kabisa bila kusikilizwa.

Akaitazama rufaa ya Saber. Hoja zote alikuwa ameziandika yeye, kama wanavyofanya mawakili wachanga wa Kairo, na Ustadhi Wagdi, wakili mkongwe mwenye ruhusa ya kusimama mbele ya mahakama hiyo, ndiye aliyetia sahihi. Sahihi gani sasa! Mkunjo mmoja wa madaha na mkia mrefu, basi. Na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuiwasilisha, na Saber, mwoka mikate, mtoto wa watu, amefungwa maisha kwa damu ambayo hakuimwaga.

"Mbona umebadilika uso, mwanangu?" aliuliza Umm Saber, mamake mfungwa, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini.

"Twende hospitali, mama. Upesi!"

Mzee Wagdi alikuwa kitandani, mkono wa kulia, uliovunjika jana alipoteleza bafuni, umefungwa plasta.

"Ustadhi, nisamehe. Sahihi yako haisomeki. Mwongozo unakataza."

Mzee akamkazia macho. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Kifungu hicho nilikiandika mimi, binti yangu! Mimi mwenyewe! Makarani wananijua, wananifumbia macho, nami nikavimba kichwa." Kicheko kikakatika. "Lakini Saber hawezi kufungwa maisha kwa ajili ya madaha yangu. Lete kalamu."

"Mkono je?"

"Huu wa kushoto ni wa nani?"

Akaanza. Herufi moja, akapumzika. Herufi ya pili, jasho likamtoka, ulimi umechomoza pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Nirmin alishika ubao chini ya karatasi, akiogopa hata kupumua. Alikuwa amemwona mzee huyu akinyamazisha mahakama nzima kwa sauti yake, lakini hajawahi kumstahi kama saa hii. Yarabi, sheria kubwa namna hii, na uhai wa mtu umesimama juu ya jina lililoandikwa likaeleweka!

Dirisha la masjala ya mahakama lilikuwa karibu kufungwa walipofika. Karani alivaa miwani, akaisogeza karatasi usoni. Umm Saber, asiyejua kusoma, alishikilia mkono wa Nirmin kwa nguvu.

"Wagdi," alisoma karani polepole. "Habib. Iskandar. Tadros." Akainua macho, amepigwa na butwaa. "Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza nalisoma jina lake."

Muhuri ukashuka.

"Wamempokea?" alinong'ona Umm Saber.

Nirmin alitaka kumweleza kwamba iliyopokewa ni karatasi, na kwamba majaji bado. Lakini akautazama uso wa mama huyo, akaacha.

"Wamempokea, mama."