Kijiko Kimoja, Mara Tatu kwa Siku

Siku ya nne tangu kopo la unga lifike, Benta alilifungua asubuhi akakuta unga umeshuka hadi nusu. Akalitazama kwa jicho la mwalimu anayesahihisha mtihani.

"Mama, nani amemaliza unga ya Baba?"

"Hakuna mtu amemaliza," Orpah akajibu huku akipuliza moto. "Tumeweka tu kwa chai. Wageni walikuja kuona mzee, sasa niwape chai ya rangi? Lakini hii maziwa ya Amerika ni bure kabisa. Ukichemsha inashikana madonge."

Benta aliketi juu ya debe akajishika kichwa. Kopo lile lilitumwa na kakake, Nicholas, aliye Amerika, kwa mkono wa mchungaji aliyekuwa akirudi nyumbani. Ndani yake mlikuwa na unga wa protini, ule unaotokana na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Baba yao, Mzee Elkana, alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa Migori alikataa kumpasua. Kilo arobaini na sita, alisema, mwili huu hautahimili kisu. Mleteni mwisho wa Aprili akiwa na hamsini. Kisha akaeleza habari ya unga: kijiko kimoja cha mle koponi, mara tatu kwa siku, katikati ya mlo na mlo. Ukorogwe kwa maziwa baridi au maji yaliyochemka yakapoa, usipikwe. Tena uwe nyongeza ya chakula, si badala yake. Benta aliandika yote kwa kalamu nyekundu, akabandika karatasi ukutani jikoni kwa mama yake hapa Kisegi, na tangu hapo aliyeisoma ni moshi peke yake.

Basi akachukua sheria mkononi. Kopo akalifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akauning'iniza shingoni. Wageni nao akawakomesha. Kila siku, chakula kikikaribia, wazee watatu walikuja na fimbo zao hadi nyumba ndogo ya Elkana iliyo karibu na lango, wakiongozwa na Mzee Dishon, jirani aliyekunywa vikombe vitatu vya ile chai bila haya. Benta aliwasimamisha langoni.

"Mgonjwa anapumzika."

"Lakini Mwalimu, sisi tunakulanga hapa tangu wewe hujazaliwa," Dishon akasema.

"Ndiyo maana mmeshiba, yeye amekonda."

Wazee wakatazamana, wakageuka. Benta hakujuta hata kidogo. Likizo ilikuwa ya wiki nne tu, na baba ni mmoja.

Tangu hapo mambo yakaenda kwa saa. Saa nne kikombe, saa kumi kikombe, usiku kikombe, na Benta amesimama juu ya mzee mpaka tone la mwisho. Elkana alikunywa amefumba macho, hakulalamika. Ugali na samaki aliletewa, akaachiwa ale kwa utulivu, na sahani zilirudi nyeupe. Nyumba nzima, kwa kweli, ilionekana kunawiri. Hata mbwa alianza kung'aa manyoya.

Baada ya wiki mbili akampeleka kwenye mizani ya zahanati. Kilo arobaini na tano.

"Hii mizani ni mbovu!" Benta akafoka. Muuguzi akapanda yeye mwenyewe, akashuka, akasema mizani ni nzima. Benta alihisi machozi ya hasira. Alikuwa amefuata kila kitu! Kijiko hakikuzidi, hakikupungua! Walipofika nyumbani akamgeukia mama yake: ni nani tena anaiba, na ufunguo uko hapa shingoni?

Orpah alimwonyesha mbwa kwa kidole. Mbwa alikuwa amejilaza mlangoni pa nyumba ndogo akisubiri chakula cha mchana, tumbo limemlegea kama la mbwa wa bucha.

"Baba," Benta akasema kwa shida, "chakula yako unapea mbwa?"

Elkana alitazama lango. "Nyathina, mtoto wangu, mimi nitakula peke yangu kama mwizi? Tangu nitoke jikoni kwa mama yangu sijawahi. Ugali nikimega peke yangu, inakataa kushuka."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unaniambia kunywa. Hukuniuliza."

Benta aliingia jikoni akasimama mbele ya ile karatasi. *Si badala ya chakula.* Maneno hayo aliyapigia mstari yeye mwenyewe, mara mbili.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa Dishon. Haikuwa rahisi kwake kuomba msamaha, lakini aliomba. Dishon akachukua fimbo yake. "Tunakuja, Mwalimu. Lakini ile chai ya madonge, hapana."

Mwisho wa Aprili mizani ya Migori ilisoma arobaini na tisa na nusu. Daktari akakuna kidevu. "Alazwe. Akifika hamsini Jumatatu, nampasua. Akishuka, mrudi naye nyumbani."

Sinia ya kwanza ililetwa wodini saa kumi na mbili jioni, wageni wameshatolewa na Benta ameruhusiwa kubaki. Wagonjwa wengine walikuwa wamelala au wamegeukia ukuta. Elkana alitazama ugali na samaki, akavifunika. Dishon alikuwa mbali, Kisegi.

Benta alikuwa na miaka thelathini na minne. Maisha yake yote alikula jikoni na mama yake. Sahani ya baba aliipeleka tu na kuitoa. Alikwenda kwenye bomba, akanawa mikono, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akafunua sinia, akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi wa baba yake, akala.

Elkana alimkodolea macho. Kisha polepole akamega lake. Walikula pamoja, na mzee akamsukumia kichwa cha samaki.

Baadaye Benta akakoroga vikombe viwili vya unga, kimoja chake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuonja. Alimeza kwa taabu, kinywa kizima kikajaa ladha ya chaki yenye sukari.

"Baba! Hii ndiyo nilikuwa nakupa mara tatu kwa siku?"

"Kunywa," Elkana akasema. "Mpaka tone la mwisho."