Unyayo wa Yanqiu

Saa kumi na moja na nusu jioni, mashine ya leza ilimaliza kukata sungura wa mia nne wa felti, wa sikukuu ya ng'ambo ambayo hakuna aliyeijua pale Yiwu, mji wa viwanda wa China, lakini haikuzimika. Ilisogea hadi kona ya kitambaa iliyobaki, ikakata unyayo wa mtoto wenye vidole vyote vitano, ikatulia. Tao Guizhen aliuchomoa kwa kibanio, akaupuliza, akaupima kwa kiganja. Ulikuwa wa Yanqiu, binti yake wa miaka saba, aliyekuwa akilelewa na bibi yake kijijini, mkoa wa mbali wa Guizhou. Aliutambua kwa kidole cha mwisho kilichopinda.

Fundi aliitwa. Kwenye kompyuta alikuta sungura tu. Akafuta kioo, akasema mashine ni nzima, akaenda zake. Bosi, Mama Shen, ambaye hakupenda maneno mengi isipokuwa yake mwenyewe, alikata shauri.

"Madhali haigusi mali ya mteja, Dada Tao, iache ikate. Ila sungura wako leo wana masizi masikioni."

Guizhen alishukuru. Kila Mwaka Mpya alikuwa akienda nyumbani na viatu vya kukisia, na kila mwaka vilikuwa vidogo. Mtoto alivivaa hivyo hivyo, vidole vimejikunja, kwa adabu anayofanyiwa mgeni. Adabu hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko chochote. Safari hii alikwenda dukani na unyayo wa felti mfukoni, na viatu vikamkaa Yanqiu sawasawa.

"Asante, shangazi," Yanqiu alisema. Bibi akamsahihisha.

Shule za mjini hazikuandikisha watoto wa vijijini. Guizhen aliomba mara tatu, na mara ya tatu mlinzi wa lango alimsalimu kwa jina. Kurudi nako hakukuwezekana, kwa kuwa kule hakukuwa na kazi. Basi akamlea mwanawe kwenye kona ya kitambaa. Kila mwezi aliona unyayo ukirefuka. Mwezi mmoja ulikuja na kovu kisiginoni, la jeraha ambalo hakuna aliyempigia simu kumweleza, akalia chooni, akarudi kazini. Nyayo zote alizitunga kwenye uzi mmoja juu ya kitanda chake bwenini. Wenzake wakizitazama waliuliza kama binti hajambo, naye alijibu kwamba anakua.

Mwaka wa tisa unyayo haukukua tena. Mwezi huo Yanqiu alishuka stesheni na begi moja. Mama Shen alikuwa akitafuta mtu wa mashine ya pili.

"Nilitaka usome," Guizhen alisema.

"Huku ndiko unakokaa, Mama. Ningekwenda wapi?"

Alimwita Mama bila kusahihishwa. Guizhen alikuwa amelingoja neno hilo miaka yote, na sasa lilipokuja hakujua alifanyie nini. Alimfundisha kulaza felti isikunjike, na kugeuza uso moshi unapopanda.

Baadaye Yanqiu aliolewa na dereva wa vifurushi, akajifungua mtoto wa kiume. Alipofikisha miezi minane, mtoto alipelekwa Guizhou kwa bibi yule yule, ambaye sasa alitembea kwa fimbo.

Jioni ya siku ile Yanqiu aliporudi kazini, mashine ya pili ilimaliza sungura wake, ikasogea hadi kona, ikakata unyayo mdogo uliotosha kiganjani. Yanqiu aliuchomoa kwa kibanio, akaupuliza.

Guizhen alifungua droo, akampa sindano na uzi.