Brashi ya Mate

Miaka kumi na moja iliyopita, msimamizi wetu alibandika ukutani tangazo lenye sahihi yake: ni marufuku kutia brashi mdomoni. Alilibandika kwa ajili ya shangazi yangu. Mimi sijasahau siku, wala gundi aliyotumia.

Kazi yetu ni kupaka rangi vijisanamu vya askari, urefu wa kidole gumba. Joho la askari lianze jeusi chini, liishie jekundu mabegani, na mtu asione rangi zimekutana wapi. Shangazi alikuwa anaweka rangi mbili mbichi ubavu kwa ubavu, kisha anapitisha katikati brashi ya pili, iliyolowa mate tu. Pumzi kumi, joho limekwisha. Msimamizi akasema huo ni uvivu na uchafu. Tupake matabaka saba, kila moja likauke kwanza. Tukatii. Macho mabovu tuliyo nayo leo ni zawadi yake.

Mwezi huu mwenye karakana kagundua kwamba tunakwenda polepole. Shangazi, mkongwe wetu, akaambiwa Ijumaa ndiyo mwisho wake. Ijumaa hiyohiyo asubuhi, msimamizi, kwa akili zake nyingi, akatukusanya mbele ya mwenye karakana atufundishe mbinu yake mpya. Rangi mbili mbichi, ubavu kwa ubavu. Nusura nipige makofi.

Ila mheshimiwa hatii uchafu mdomoni. Brashi ya pili aliichovya kwenye glasi ya maji. Rangi zikatiririka hadi kwenye buti. Askari akawa kama kajikojolea damu. Akajaribu wa pili. Wa tatu akafanana na wenzake.

Shangazi akavuta stuli, akapaka joho, akalamba brashi, akapitisha mara moja.

"Maji yanakimbia, baba," akamwambia, kwa upole wa kumlisha mtoto uji. "Mate yanangoja."

Msimamizi akanyooshea kidole tangazo. Mwenye karakana hata hakugeuka. Alikuwa anazungusha kijisanamu kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza huyu mama anaondoka lini. Leo, nikamjibu. Basi haondoki, akasema.

Jumatatu tukakuta tangazo jipya, sahihi ileile: kila mpakaji aloweshe brashi kwa mate, kwa kufuata mbinu ya msimamizi. Shangazi alicheka hadi akashikilia stuli yake.

La zamani nimelibandua. Ninalo mkobani, na gundi yake.