Ombi Ndani ya Ombi

Mugure hakufuta fahali wa mtu yeyote. Alilisema hilo mara ya kwanza akiwa amekaa, mara ya pili akiwa amesimama, na alipoona kamati ya chama cha wafugaji inamtazama tu, akachukua mkoba wake akaenda zake nyumbani Kitengela. Waliongoja machozi waliambulia patupu.

Shida ni kwamba mfumo ulisema amefuta. Maonyesho ya mifugo ya Kajiado yalikuwa yamekaribia, na fahali wote wa wafugaji wa upande wa Ngong walikuwa wametoweka kwenye orodha ya washindani katika tovuti ya chama. Kumbukumbu za seva zilionyesha kwamba amri ya kuwafuta ilitoka kwenye akaunti ya Mugure, karani wa chama, kwa simu yake mwenyewe, saa za kazi. Bedan, katibu, alizisoma kumbukumbu hizo kwa sauti ya kuhubiri.

"Mashine haina urafiki na mtu," akasema. "Imesema ni Mugure. Sisi ni nani tubishane nayo?"

Basi Mugure akasimamishwa kazi hadi mkutano mkuu, ambako angefukuzwa kabisa mbele ya wanachama wote.

Aliyemwamini alikuwa mmoja tu: Naipanoi, binti aliyeitunza tovuti hiyo. Walikuwa wamekaa meza moja miaka na miaka, na Naipanoi, kama ofisi nzima, alimwita Mugure Mama Waithera, kwa jina la kifungua mimba wake. Alijua mama huyo akikosea herufi moja ya jina la ndama humpigia mwenye ndama simu kuomba radhi. Mtu wa namna hiyo hafuti fahali wa watu kwa bahati mbaya, na kwa makusudi ndiyo kabisa. Lakini Bedan alipomuuliza kama ana ushahidi, Naipanoi ilibidi akiri hana, na hilo lilimuuma.

Jumamosi akaenda kwao Oltepesi. Ilikuwa siku ya josho, ya kuwaogesha ng'ombe dawa ya kupe. Aliinamisha kichwa mbele ya babake, Mzee Kuntai, naye akamgusa utosini na kumsalimu, kisha wakateremka pamoja na ng'ombe. Kwenye josho kulikuwa na afisa mpya, kijana mwenye viatu visafi ajabu.

"Mzee, uko na ng'ombe wangapi?"

Kuntai alimwangalia kwa huruma. Ng'ombe wake aliwajua kwa rangi na pembe na tabia, lakini kuwataja kwa idadi hakuwahi, na hakuona kwa nini aanzie pale.

"Wako wote," akasema.

"Sawa, lakini wote ni wangapi?"

"Si nimekuambia wako wote?"

Afisa akakadiria kwa macho, akamtajia idadi kwa kelele mwenzake aliyesimama kule ng'ambo na ndoo za rangi. Huyo kazi yake ilikuwa kumpaka kila ng'ombe anayetoka rangi ya mwenye ng'ombe. Kwenye lango la kuingilia, afisa aliruhusu ng'ombe kupita mpaka Kuntai alipopiga mluzi kuonyesha wamekwisha. Kule ng'ambo, yule wa rangi alifuata idadi aliyotajiwa. Ilipotimia, akabadilisha ndoo. Ng'ombe wawili wa mwisho wa Kuntai wakatoka wamepakwa rangi ya jirani aliyefuata kwenye foleni.

"Mzee, ashe oleng kwa zawadi!" jirani akapiga kelele kwa Kimaa, akishukuru huku anacheka. Kuntai hata hakukasirika. Alimwita mmoja wa ng'ombe wale kwa jina lake, naye akaja mbio na rangi yake ya kigeni ubavuni, wa pili akamfuata.

Naipanoi naye alikuwa anacheka. Halafu akaacha. Hakuna aliyekuwa ameiba ng'ombe pale. Wa mbele alingoja mluzi, wa nyuma alihesabu, na kila mmoja alifanya kazi yake vizuri. Hawakukubaliana tu kundi la Kuntai linaishia wapi, na waliobaki wakahesabiwa kwa aliyefuata.

"Papa, nimejua," akasema.

"Umejua nini?"

"Jinsi fahali walivyofutwa."

Maana tovuti ya chama nayo ilikuwa na walinzi wawili. Seva ya mbele ilipokea maombi ya watu kutoka simu zote na kuyasukuma kwa mstari mmoja hadi seva ya nyuma, iliyoyatekeleza. Ombi huonyesha mwisho wake kwa njia mbili: ama litaje urefu wake mapema, ama liweke alama linapoisha. Mtu mjanja akiandika zote mbili zipingane, wa mbele ataona ombi moja, wa nyuma ataona ombi na mkia. Mkia ule utangoja hapo hapo mlangoni, na ombi la mtu atakayefuata litaungana nao. Mkia ukisema "futa", itaonekana ni yeye aliyefuta. Mugure alikuwa amefungua tu ukurasa wa ratiba ya josho.

Naipanoi alitengeneza nakala ya mfumo mzima akaanza kujaribu. Seva zikamkatalia, akabadilisha, zikamkatalia tena. Siku alipoacha nafasi moja tupu kwenye mstari unaotaja alama ya mwisho, walinzi wale wawili wakatofautiana mara moja. Alipiga kigelegele peke yake ofisini mpaka bawabu akaja kuchungulia. Aliwaandikia waliotengeneza programu ya seva, huko ng'ambo, kisha akaomba kikao na kamati.

"Kuna ombi lilijificha ndani ya ombi lingine," alianza.

"Maombi gani tena?" mwenyekiti akashangaa. "Si tumeshafungua kwa maombi?"

Naipanoi aliwaomba wote wazime simu, isipokuwa katibu. Akabonyeza kitufe kwenye kompyuta yake.

"Katibu, tafadhali ingia kwa akaunti yako kupitia kiungo nilichokutumia, ufungue ratiba ya josho. Usiguse kingine."

Bedan alifungua, wote wakimwona. Naipanoi akageuza kompyuta iwaelekee. Fahali wa mwenyekiti, aliyeitwa Waziri na aliyependwa kuliko baadhi ya jamaa zake, hakuwepo tena. Kumbukumbu zilisema: amefutwa na Bedan, kwa simu yake, sasa hivi.

"Bedan! Umemfuta Waziri!"

"Mimi? Mimi sijafuta kitu! Mmeniona nyinyi wote! Nimefungua ratiba tu!"

"Hivyo ndivyo Mama Waithera alivyowaambia," Naipanoi akasema. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Hii ni nakala, mwenyekiti. Waziri yuko salama."

Mhusika naye alijulikana baadaye: mfugaji aliyetaka fahali wake akose mshindani, akamtafuta fundi mmoja wa kompyuta huko Gataka. Hiyo ikawa kazi ya polisi. Jibu la watengenezaji lilifika kabla ya mkutano mkuu. Kasoro ilikuwa ya kweli, walikuwa wameiziba, na walitaka kujua wataje jina gani katika tangazo lao la dunia nzima. Naipanoi akawatumia majina mawili.

"Na mimi nimegundua nini?" Mugure akauliza kwenye simu.

"Ulisema mfumo umekosea, Mama, wakati sisi wengine tulikuwa tunauamini."

Siku ya mkutano mkuu Mugure alivaa gauni lake la kanisani, akakaa mstari wa mbele. Naipanoi alikaa kando yake, na Mzee Kuntai nyuma yao na shuka yake nyekundu. Bedan alisimama na karatasi, akapita haraka juu ya maneno kama mtu aliyeachwa na gari: kwamba kasoro hiyo iligunduliwa na Naipanoi Kuntai na Mugure Wahome, wa Kitengela, Kenya, na kwamba chama kinamwomba karani wake radhi. Akakunja karatasi.

Mugure akasimama.

"Katibu, soma tena," akasema. "Polepole. Siku ya kunishtaki ulisoma vizuri sana."

Bedan akaikunjua karatasi, akavaa miwani, akasoma upya neno kwa neno, na alipofika kwenye jina la Mugure akainua sauti mpaka walio nje, kwenye foleni ya chai, wakageuka.