Samaki Nyuma ya Ramani

Mjomba wangu ni mchoraji wa ramani za nyumba, na tangu lori la kokoto lilipompondaponda mguu wa kulia, alikuwa akifanyia kazi chumbani. Laptopu yake ilikuwa dirisha tu. Kompyuta yenyewe, kubwa, inayotumia mfumo wa Linux, ilikaa ofisini, ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Mjomba akisogeza kipanya huku, mstari unachoreka kule, na picha inarudi huku kupitia mtandao.

Wiki hiyo picha ilirudi kwa mwendo wa kinyonga mwenye baridi yabisi.

"Nimevuta ukuta, nimekohoa, nimekunywa maji, ndipo ukuta ukasogea," alilalamika. "Mpwa, si mnasomeshwa kompyuta huko bwenini? Njoo uangalie. Kesho saa tatu nachora mbele ya mteja, bosi akitazama. Ikikwama, amesema Jumatatu nirudi ofisini, la sivyo nisirudi kabisa."

Jumatatu maana yake ilikuwa ngazi themanini na nane kwa magongo mawili.

Niliketi kando yake nikiwa nimevaa uso wa daktari bingwa.

"Mgonjwa ameanza lini kujisikia vibaya?"

"Jumapili. Na acha upuuzi, pima."

Nilipima muda wa ujumbe kwenda ofisini na kurudi: kufumba na kufumbua. Mtandao ulikuwa mzima. Nikachomeka kebo, wapi. Nikapunguza rangi za picha mpaka ramani ikafanana na shati lililofuliwa mara mia; wapi. Mwishowe nikafungua orodha ya programu zinazokula nguvu za ile kompyuta ya ofisini, na pale juu kabisa, ameketi kama bwana harusi, nikamkuta mkosaji.

Walikuwa samaki wangu.

Jumapili hiyo Mjomba alikwenda kuoga akaacha kila kitu wazi. Nami, kwa moyo safi wa utafiti, niliweka nyuma ya kazi yake picha ya samaki arobaini wanaoogelea, mmoja amefunga tai kama bosi. Nikasubiri ukelele. Ukelele haukuja, kwa sababu Mjomba hutandaza ramani skrini nzima na hajawahi kutazama kilichoko nyuma yake. Mzaha ukaoza. Lakini kompyuta haikujali kama wanaonekana au la. Iliwachora wote arobaini, mapezi na magamba, kila nukta, na ramani ikasubiri foleni nyuma ya samaki.

Dawa ilikuwa kuwafuta, kazi ya dakika moja. Shida ni kwamba Mjomba alikuwa ameegemeza kidevu karibu na bega langu. Na katika bweni letu kuna sheria: anayekiri ndiye anayefua soksi za bweni zima. Sijawahi kufua hata jozi moja isiyo yangu.

"Mjomba," nilisema kwa sauti ya msibani, "ni friji."

"Friji?"

"Inavuruga mawimbi. Izimwe sasa hivi. Mimi siwezi kuviacha vipimo."

Mkewe alikuwa kazini, na jiko liko chini, ngazi kumi na nne. Akaenda. Gongo, mguu, guno. Gongo, mguu, guno. Kabla hajafika ngazi ya tano, samaki wote walikuwa marehemu. Zile ngazi kumi zilizobaki nilikaa nikizisikiliza.

Aliporudi, jasho linamtiririka, alivuta ukuta. Ukuta ukamfuata kama mbwa mtiifu.

"Umeniokoa, mpwa."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Nani kazima friji?" mkewe alifoka jioni. "Maziwa yote yamechacha!"

"Acha maziwa, mke wangu. Maziwa yananunulika."

Kesho yake saa tatu, Mjomba alichora kama malaika. Mteja, aliyeketi ofisini na bosi, alitaka dirisha lipanuliwe. Kabla hajafunga mdomo, limepanuka. Kutoka kwenye laptopu bosi akasema, "Safi sana! Hebu mweleze fundi wetu wa kompyuta, huyu hapa, umefanyaje. Wachoraji wawili hapa wanalia hivyohivyo."

Mjomba akatunisha kifua. "Nilizima friji."

"Friji ipi, mzee?" fundi aliuliza polepole.

"Ya jikoni."

Mteja ndiye aliyeanza kucheka. Fundi akadakia: "Na pasi je? Nayo umeinyamazisha?"

Mjomba akanigeukia, masikio yakimwiva. "Mpwa, si ndivyo? Hebu waeleze."

"Mimi?" nikasema, kwa sauti ya kutosha kufika ofisini. "Mimi nilikuwa nafanya hesabu za likizo."

Bosi hakucheka. Alikuwa ameaibishwa mbele ya mteja. "Mzee, huyu anajenga ghorofa sita. Siwezi kumkabidhi kwa mtu anayetibu kompyuta kwa friji. Jumatatu uje ukae karibu na fundi." Akakata.

Mjomba aliifunga laptopu taratibu.

"Ulisema friji."

"Nilisema huenda."

Alinitazama kama mwalimu anayetazama karatasi ambayo hataisahihisha. Kisha akachukua magongo yake, akatoka.

Jumamosi na Jumapili alishinda mchana kutwa kwenye ngazi za kwenda jikoni, akipanda na kushuka, kujizoeza. Mara ya sita goti lilimcheza, akaniita.

"Simama hapo chini."

"Nikudake, Mjomba?"

"Hapana," alisema, akitafuta pa kuegemeza gongo. "Nikianguka, angalau nimwangukie mtu."