Plagi ya Pini Mbili

Nilipogusa bati la amplifaya kwa testa ya umeme, taa ya mpini wake haikuwaka. Nikachomoa plagi, nikaigeuza upande, nikaichomeka tena. Nikagusa tena, taa ikawaka.

"Umeona?" alisema Lornah, mwenye amplifaya. "Niliambia wewe hii kitu inauma. Ukasema ni jasho la mikono yangu."

Ni kweli nilisema. Nikazima, nikachomoa plagi, nikangoja kapasita ziishiwe umeme, kisha nikafungua skrubu.

Niliiunda mwenyewe mwaka jana, hapa kibandani Kibuye, kwa valvu mbili za kioo kutoka redio kuukuu. Valvu hutaka volti nyingi, na sikuwa na transfoma ya kufaa. Nikauchukua umeme ukutani moja kwa moja: waya mmoja kwenye dayodi, wa pili kwenye bati. Huo wa bati ulipaswa kuwa usio na moto, kwa hiyo nikatia rangi nyeupe kwenye plagi kuonyesha upande wake. Nikaridhika.

Lakini plagi ilikuwa ya pini mbili. Hapa kwetu mtu husukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili yale mawili ya chini yafunguke, kisha anachomeka plagi jinsi mkono ulivyoishika. Nani anaangalia rangi? Ikigeuka, moto unaingia kwenye bati na kufika mpaka kwenye nyuzi za gita.

"Hii hairudi kwako leo," nilimwambia.

"Sawa tu, fundi. Kesho kwa ubatizo Griffins atapiga na yake."

Griffins ni kaka yake, mpiga gita wa kwaya.

"Yake gani?"

"Ile alinunua kwa Wanjohi wa Migosi. Si pia ni kazi ya mkono yako?"

Nilikuwa nimeunda mbili. Ile ya pili nilimuuzia Wanjohi, nikadhani imekaa kwenye rafu yake, ikicheza rekodi.

"Ubatizo ni wapi?"

"Ufuoni Dunga, saa mbili asubuhi. Atasimama kwa maji mpaka magotini, karibu na pasta. Watavuta waya kutoka hoteli."

Nikampigia Griffins simu. Alikuwa Bondo, na kelele za watu nyuma yake.

"Fundi! Chombo yako ni tamu, haijawahi kuniuma hata siku moja."

"Huwa unapigia wapi?"

"Kwa kitanda. Viatu kwa miguu kama mzungu."

"Hivyo viatu ndivyo vinavyokukinga. Kesho usiichomeke. Kwanza niiwekee transfoma."

"Ah, mzee, biashara imelala sasa unatafuta kazi kwangu!" Akacheka. Laini ikakatika. Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Lornah hakucheka. "Atatoka huko alfajiri na hiyo chombo, moja kwa moja ufuoni," alisema. "Nitajaribu kumpigia mpaka nichoke."

Nilichora kwenye karatasi jinsi nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo: transfoma mbili ndogo, ya kwanza ikishusha mpaka volti kumi na mbili za kuwasha valvu, ya pili ikizipandisha tena. Bati lisiguse kitu chochote kinachofika ukutani. Ya kwanza nilikuwa nayo. Nikaifunga mahali pake, nikalehemu nyaya nne, nikaacha nafasi ya mwenzake.

"Ya pili?" Lornah aliuliza.

"Muuzaji huja na soko la Jumapili, yaani kesho. Saa mbili hivi."

"Na hiyo ni saa ya ubatizo."

"Basi itangoja," nilisema.

Nikafunika kazi kwa gazeti. Koleo la kukatia waya sikulirudisha kwenye sanduku. Nililitia mfukoni mwa koti ambalo ningevaa asubuhi kwenda Dunga.